Cha Bure Nacho Kina Mwenyewe

Wenzangu, kuna maneno yanayopitapita humu shuleni kila tunapotoka chumba cha tarakilishi. Ati Linux ni kitu cha bure, na cha bure hakina mwenyewe. Ati anayetumia programu ambazo hazikulipiwa ni kama anayekunywa maji ya mtaro. Nimeyasikia hata kwa wakubwa wa kidato cha nne, ambao sisi wadogo tunawategemea kwa busara. Mimi nakataa. Nakubali kwamba hatari ipo, tena kubwa, lakini haiko pale wanapoinyoshea kidole.

Kwanza tuelewane. Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo unaoendesha tarakilishi. Kinachomfikia mtumiaji ni mkusanyo wa programu nyingi zilizopangwa zikapatana, na mmojawapo wa mikusanyo hiyo ni Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Jina lake limeunganishwa kutoka kwa Debra, aliyekuwa mpenzi wake, na Ian mwenyewe. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, lina vifurushi zaidi ya 69,000. Nani anavitunza vyote hivyo? Ni watu wa kujitolea walio katika nchi mbalimbali, ambao Debian haiwalipi mshahara. Kila kifurushi kina msimamizi wake, mtu mmoja au kikundi, na jina limeandikwa humo humo ndani. Basi hicho kimekosaje mwenyewe?

Tazama jinsi kifurushi kimoja kinavyosasishwa. Mwandishi wa programu anatoa toleo jipya. Msimamizi analichukua, anahakikisha limetoka kwa mwandishi kweli, anasoma kilichobadilika, kisha anajaribu kubandika tena viraka ambavyo Debian ilikuwa imeviongeza katika toleo la zamani. Hapa ndipo jasho linapotoka. Kiraka kilichokuwa kikikaa sawasawa sasa hakikai, kwa sababu mistari imesogezwa. Kingine hakihitajiki tena kwa kuwa mwandishi amelirekebisha kosa lile yeye mwenyewe. Akimaliza, anakijenga kifurushi upya, anakijaribu, anaandika katika orodha ya mabadiliko kila alichofanya, halafu anakitia sahihi kwa ufunguo wake wa siri na kukipeleka. Na kama mfanyaji si mwanachama aliyepewa idhini, hata akiwa mwanafunzi kama mimi na wewe, anatafuta mdhamini wa kuikagua kazi yake na kumpelekea.

Hata hapo hakijakufikia bado. Kinaingia kwanza katika tawi liitwalo Sid, jina la yule mtoto mtundu wa filamu ya Toy Story aliyekuwa akivunja vitu vya kuchezea. (Kumbe hata watu wa tarakilishi wana mzaha!) Humo hukaa siku 2 hadi 10, aghalabu 5, huku watu wakikitumia. Lisipogunduliwa kosa kubwa, kinavuka kwenda tawi la majaribio, na huko ndiko toleo imara linakoandaliwa.

Sasa niseme yale yanayouma, nisije nikaambiwa ninapaka rangi. Mwaka 2006 msimamizi mmoja wa Debian aliondoa msimbo fulani katika OpenSSL, programu ya kutengeneza funguo za siri, kwa sababu chombo cha kukagua makosa kilikuwa kikiulalamikia. Alikuwa ameuliza kwanza, lakini hawakuelewana vizuri na waandishi wenyewe. Matokeo yake funguo zilizotengenezwa zikawa za kubahatishika, kama 32,000 tu kwa kila aina na ukubwa. Kosa hilo lilikaa hadi Mei 2008 ndipo Luciano Bello akaligundua. Karibu miaka miwili, jamani, na mlango uko wazi!

Kisha kikaja kisa cha XZ Utils, programu ya kubana faili ambayo iko karibu katika kila Linux. Kwa miaka mingi iliangaliwa na mtu mmoja, kwa wakati wake wa ziada, bila malipo. Mwaka 2022 majina yasiyojulikana yakaanza kumsukuma: mbona unachelewa, mbona humpi mwingine? Pembeni yupo mmoja aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, anayeleta masahihisho kila mara. Akaaminiwa akapewa usimamizi. Februari na Machi 2024 akatoa matoleo 5.6.0 na 5.6.1, yakiwa na mlango wa uani uliofichwa wa kumwingiza mgeni katika seva za watu. Yakafika Sid, yakavuka hadi tawi la majaribio. Toleo imara halikuguswa.

Aliyekigundua ni Andres Freund, ambaye kazi yake hata haikuwa kulinda XZ. Alikuwa akipima kasi ya hifadhidata kwenye Sid, akaona kuingia katika mashine kunachukua takribani nusu sekunde zaidi. Nusu sekunde! Mwingine angepuuza, angesema mashine imechoka. Yeye akafukua, na tarehe 29 Machi 2024 akawatangazia watu wote. Debian ikarudisha toleo la zamani upesi, na kwa kuwa nambari ya kifurushi hairuhusiwi kushuka, wakakiita 5.6.1+really5.4.5, yaani jina la 5.6.1 lakini kilichomo ni 5.4.5.

Kuna watakaosema Freund alibahatika. Naam, alibahatika. Lakini msimbo ulikuwa wazi naye akaweza kuusoma. Angekuwa na programu iliyofungwa angeishia kulalamika tu. Jambo linalonikera ni lingine. Mamilioni walikuwa wakiitumia XZ, na yule mzee wa kazi alipoelemewa, waliojitokeza kumsaidia ni mwizi na makelele ya kumharakisha. Hapo ndipo ilipo hatari ninayoisema. Si ubure, ni upweke wa anayebeba.

Ndiyo maana nasema chama chetu cha Kiswahili kisijitoe katika habari hii kana kwamba ni ya wanasayansi pekee. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, tukashangilia. Lakini tafsiri ya programu nayo husasishwa. Mwandishi akibadilisha sentensi moja ya Kiingereza, ile ya Kiswahili huwekwa alama ya shaka, na isipopitiwa na mtu haionyeshwi tena. Mtumiaji anaona Kiingereza. Toleo baada ya toleo, Kiswahili kinamomonyoka kimyakimya, hakuna aliyekifukuza.

Hiyo ni kazi tunayoiweza. Haihitaji kujua kuandika msimbo, inahitaji ngeli na subira, na vyote viwili mwalimu wetu mlezi ametulisha vya kutosha. Napendekeza katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao tuchague programu moja ndogo, tuulize msimamizi wake anahitaji nini, kisha tugawane sentensi zenye alama ya shaka, kumi kumi kila mtu, na asiyeandika awe wa kukagua. Majina ya watakaojiunga nitayapokea kuanzia sasa, na la kwanza nimeshaliandika, langu.