Mbegu ya Beberu Isizidishwe Maji

Ndugu mfugaji, uwe Voi, Mwatate, Taveta au vilimani Wundanyi, fikiri jambo hili. Beberu mmoja mzuri, Galla kwa nyikani au Toggenburg kwa milimani, ni shida kumtembeza boma kwa boma. Lakini mbegu yake yaweza kukingwa, kuchanganywa na dawa yake, na kufikia majike wengi siku ile ile. Kazi hii ni njema, nami naiunga mkono. Ninachopinga ni tamaa ya kuizimua mbegu kupita kiasi.

Hesabu yenyewe ni hii. Fundi hukinga mbegu kwa uke wa bandia wenye maji ya moto wa digrii 42 mpaka 45. Hupatikana kama mililita 1 tu, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Beberu akiwa na afya, ndani yake mna mbegu kama milioni 3,000. Jike mmoja akipewa milioni 200, amepata fungu la kumtosha. Basi ni majike 15. Anayeigawa kwa majike 40 amempa kila mmoja milioni 75 tu. Fedha umelipa, lakini mimba huna hakika nayo.

Na dawa ya kuchanganyia si maji ya mtungi. Maji matupu huzivimbisha mbegu zikafa. Wala dawa ya ng'ombe isitumiwe ovyo kwa mbuzi. Kituo cha Kabete kilianzishwa 1946 kwa mbegu ya ng'ombe, na kwa ng'ombe kiini cha yai ni kinga nzuri. Lakini mwaka 1957 mtaalamu A. Roy alionyesha kwamba mbegu ya beberu ina kitu kinachogandisha kiini cha yai. Ndiyo sababu mafundi hutumia maziwa yasiyo na mafuta, yaliyopashwa moto wa digrii 92 hadi 95 kwa dakika 10 kisha yakapozwa. Au hupunguza sana kiini. Au huosha mbegu kwanza. Dawa na mbegu zikutane zikiwa na joto sawa, kwa maana ubaridi wa ghafula huua. Baadaye zipozwe polepole hadi digrii 5, na zitumike mapema.

Kwa nini nashikilia neno hili? Kwa sababu ya mvua. Jike hubeba mimba kama siku 150. Akipandishwa mwisho wa Juni, huzaa mwisho wa Novemba, wakati wa mvua za vuli na majani mabichi. Asiposhika, atataka dume tena baada ya siku 21 hivi. Akikosa mara mbili, mtoto atazaliwa Januari, ukame unakaribia, na maziwa ya mama yatakuwa haba.

Kwa hiyo, kabla kikundi chenu hakijalipa, mwulizeni Bwana Mifugo mambo matatu. Je, beberu amepimwa ugonjwa wa kutupa mimba? Je, mbegu zimehesabiwa kwa darubini? Na fungu moja lina mbegu ngapi? Fundi asiye na majibu, usimpe jike wako. Heri majike 15 wenye mimba kuliko 40 walioguswa tu.