Pumziko Lianze Akifika wa Mwisho

Leo nataka tuongee kuhusu kutembea. Sisemi kutembea kwa imani, nasema kutembea kwa miguu, kwenye matope.

Januari nilikuwa Uingereza kuwasalimu ndugu zetu waliotoka katika ushirika wetu na sasa wanafanya kazi huko, wengi wao manesi na watunzaji wa wazee. Jumamosi moja marafiki sita hawakuwa na zamu, wakaniambia, "Pasta, leo tunakupeleka mashambani." Nikadhani tunaenda kuketi nyumbani kwa mtu tule. Kumbe ni kupanda mlima, na baridi ile inauma masikio mpaka unataka kulia.

Tulishuka kwa treni katika kijiji cha Edale, tuvuke mgongo wa milima tushukie Castleton upande wa pili. Kwa wenyeji si mwendo mrefu. Mimi ninayeweza kusimama madhabahuni saa tatu bila kuketi, nusu saa haikuisha nilikuwa nimekwisha.

Njia zenyewe hupita katikati ya mashamba ya watu. Mwanzoni niliogopa, maana kwetu ungefunguliwa mbwa. Lakini sheria ya kule inampa kila mtu haki ya kupita kwenye hizo njia za miguu, mradi usiache lango wazi kondoo wakatoka. Ng'ambo ya bonde wakanionyesha mlima Kinder Scout. Mwaka 1932 mamia ya watu wa kawaida waliingia huko kwa pamoja bila ruhusa, wakidai nafasi ya kutembea, na 5 kati yao wakafungwa jela. Watu walikubali jela ili wengine wapate kutembea!

Sasa sikia kilichonipata. Wenye nguvu walikuwa wanatangulia, wanafika mahali, wanasimama kutungoja sisi wa nyuma. Wanakunywa chai ya thamosi, wanapiga picha. Mimi nafika nikihema, na kabla sijapata pumzi ya kusema haleluya, wanainuka. "Haya Pasta, twende, giza linaingia!" Na walikuwa wakisema kweli, Januari kule jua huzama karibu saa kumi jioni.

Mpendwa, umeiona hiyo hesabu? Mwenye nguvu amepumzika dakika 10. Aliyechoka amepumzika sifuri. Na kila mtu anaamini kwamba amemngoja mwenzake.

Dada mmoja, nesi, ndiye aliyeona. Akasema, "Hapana. Pasta akae kwanza. Mapumziko yanaanza akifika yeye." Kisha akahamia nyuma yangu, akabaki huko mpaka Castleton, akifunga kila lango tulilopita. Aliniambia vikundi vya kutembea kule huwa na kiongozi wa mbele, na pia mtu maalum wa nyuma kabisa, na hakuna anayeruhusiwa kubaki nyuma yake. Wala hawamweki mchovu hapo. Wanaweka mtu mwenye miguu imara.

Pale juu, mahali panapoitwa Hollins Cross, wakanieleza kwamba zamani, Edale ilipokuwa haina kanisa, watu walibeba majeneza kwa njia hiyo hiyo hadi Castleton kwenda kuzika. Nikanyamaza. Walidhani ni uchovu, lakini nilikuwa nimemkumbuka mama mmoja wa kwetu.

Alimzika mumewe mwaka juzi. Tulichanga, tulikesha kwake, tulibeba jeneza. Wiki ya tatu tukaingia kwenye mfungo, halafu semina, halafu paa la kanisa. Yeye alirudi ibadani mwezi wa tano, bado anahema. Tukampigia makofi, na siku hiyo hiyo nikamtangaza kuwa msimamizi wa kamati ya chakula. Ni mimi niliyetangaza. Nilidhani namtia moyo. Baada ya Jumapili mbili hakuonekana tena, na mimi nikahubiri juu ya watu wanaorudi nyuma.

Niruhusu niseme jambo ambalo wachungaji wenzangu huenda wasilipende. Mabango yetu ya mwaka mpya yote ni kuvuka, kupaa, kuongeza kasi. Soma Mwanzo 33 uone Yakobo alivyomjibu Esau alipotaka waende pamoja. Alikataa kuukimbiza msafara, kwa sababu kulikuwa na watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha. Halafu soma Kumbukumbu la Torati 25 uone Amaleki alipiga wapi. Hakugusa mbele walikokuwa mashujaa. Alipiga mkiani, waliokuwa wamechoka.

Najua mtaniuliza, "Pasta, kwa hiyo wenye moto wauzime?" La. Giza lilikuwa linaingia kweli, na tusingelala mlimani. Aliyekuwa mbele ndiye aliyeijua njia, bila yeye tungepotea. Shida yangu ni kwamba nguvu zetu zote tumezipanga mbele. Nyuma tumewaacha wachovu wachungane wao kwa wao, kisha tunashangaa lango limebaki wazi.

Kwa hiyo kabla ya Jumapili, fungua kikundi chako cha WhatsApp cha ushirika wa nyumbani. Tafuta yule ambaye zamani alikuwa anajibu na siku hizi anasoma tu. Usimtumie bango la kesha. Mpigie simu, na usimpe kazi yoyote.

Mimi nimempigia yule mama. Sikumwambia arudi. Nilimwomba msamaha kwa lile tangazo, nikamwuliza kama mimi na mke wangu tunaweza kuja kunywa chai. Alinyamaza kidogo. Akasema tuje Alhamisi, lakini tusije na kamati.