Jina la Nyumbani na Jina la Karatasini

Mtoto wa kiume azaliwapo katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, jina lake huwa shauri la ukoo mzima. Siku ya saba hunyolewa nywele na kufanyiwa akika, na wazee hungoja kusikia somo yake ni nani. Baba ana neno lake, lakini si mwenye neno peke yake.

Ichukuliwe mfano wa askari kijana ambaye kwao ni Rongui, kisiwa kidogo katika pwani hiyo. Apata habari kambini kwamba mkewe kajifungua salama mtoto wa kiume, naye ataka mtoto aitwe Misha. Marehemu baba yake alipokuwa jeshini alifundishwa na Warusi, nao walimwita hivyo kwa mapenzi. Jina lenyewe la marehemu limekwisha kutwaliwa na mtoto wa kaka yake. Limebaki hili la utani. Lakini mama mzazi wa askari hakuridhika. Auliza, “Misha ndiyo nini, mwanangu? Ni jina la mtu au la kitu?”

Swali la bibi huyo si la ujinga. Majina ya Kirusi hayakuletwa na upepo wa kusi. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita vya ukombozi huko huko Cabo Delgado tarehe 25 Septemba, 1964, na miongoni mwa waliowapa wapiganaji wake silaha na mafunzo ni Urusi ya Kisovieti. Uhuru ulipatikana mwaka 1975, na mwaka 1977 nchi hizo mbili zikatia sahihi mkataba wa urafiki. Hata leo bendera ya Msumbiji ina picha ya bunduki ya Kalashnikov.

Mikhail Kalashnikov, aliyeibuni bunduki hiyo na kufariki mwaka 2013, alipata kusimulia kwamba waziri wa ulinzi wa Msumbiji alimweleza jinsi wapiganaji waliporejea vijijini walivyowaita wana wao Kalash. Hapana shaka akina baba hao walikuwa na fahari yao. Hata hivyo, kumbukumbu ile ilikuwa ya baba. Mwana ndiye aliyeitwa kwa jina la silaha shuleni, kazini na siku ya posa.

Misha si jina la silaha. Lakini kabla ya kuliandika yafaa kujua Warusi wenyewe hulitumiaje. Mrusi ana jina lake, kisha jina la baba yake, kisha jina la ukoo. Watu wa pwani, waliozoea kusema fulani bin fulani, wataufahamu upesi mpango huo. Kazini na mbele za watu, mtu mzima huitwa kwa heshima jina lake pamoja na la baba: Kalashnikov alikuwa Mikhail Timofeyevich, yaani Mikhail mwana wa Timofey. Nyumbani na kwa marafiki, kila Mikhail huwa Misha, Aleksandr huwa Sasha, Ivan huwa Vanya na Nikolai huwa Kolya. Hata yule dubu wa kuchorwa aliyekuwa alama ya Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ambayo Msumbiji ilishiriki kwa mara ya kwanza, aliitwa Misha, ili watoto wampende.

Basi Misha kwa Warusi ni kama Mudi kwa Mohamedi, au Sele kwa Selemani. Ni jina tamu la kuitiwa chakula, wala si jina la kuitikia katika gwaride.

Tena lipo jambo la maandishi. Katika Kireno, ambacho ndicho lugha ya ofisi za Msumbiji, sauti ya “sh” huandikwa kwa x au kwa ch. Karani mmoja ataandika Mixa, mwingine Micha, na ng’ambo ya Ruvuma mwalimu ataandika Misha. Mtoto ni mmoja, karatasi zinasema watu watatu. Jambo hili si dogo katika mkoa ambao tangu mashambulizi yaanze Oktoba 2017, watu wengi sana wamekimbia makwao, na wengine wakaziacha karatasi zao zikiteketea. Askari na polisi wanajua vizuri taabu ya mtu asimamaye kwenye kizuizi cha barabarani huku jina analolitaja halilingani na lililoandikwa.

Je, askari yule aiache kumbukumbu ya baba yake? La. Dawa imo ndani ya jina lenyewe. Mikhail wa Warusi, Miguel wa Wareno na Mikaili wa Waislamu ni jina moja. Mikaili ni malaika aliyetajwa katika Kurani, katika Suratul Baqara, na wanavyuoni husema kwamba amewakilishwa mvua na riziki. Kwa watu waishio kwa bahari, ni jina gani la heri zaidi ya hilo?

Mtoto na aandikwe Mikaili, kwa herufi zile zile kila ofisi, na baba azihakikishe kabla hajaondoka mezani kwa karani. Nyumbani aitwe Misha kadiri watu wapendavyo. Akikua aelezwe kwamba la kwanza ni la malaika, na la pili ni la babu yake.

Na bibi naye akiuliza tena, atajibiwa bila kigugumizi: ni jina la mtu, mama, na mtu mwenyewe ni mumeo.