Sikio Halisomi Bei

Nimesifia spika 31 ambazo sijawahi kuzisikia. Nasema mapema, kabla hujauliza mimi ni nani wa kuwakosoa wanaohakiki vyombo vya muziki vya bei kali. Mimi ni mmoja wao. Kodi ya nyumba yangu ililipwa hivyo kwa karibu mwaka mzima.

Kazi za kuandika za mtandaoni unazijua. Kama hujazifanya, una binamu anayezifanya. Niliacha uhandisi wa umeme mwaka wa pili, karo imenishinda, nikajipata kwa bedsita Kahawa West na laptopu niliyokuwa nalipa pole pole. Mteja wangu alikuwa ng'ambo. Alikuwa akinitumia jina la spika au amplifaya, picha, bei, na agizo: maneno 900, Ijumaa. Basi nakaa kitandani naandika kwamba besi imekaza, sauti ya kati ina joto, ya juu inang'aa bila kuchoma, na ukifumba macho unaweza kunyoosha mkono ukamgusa mpiga gitaa. Huku jirani anakaanga samaki, na spika pekee niliyo nayo ni ya simu.

Siku moja mteja alinitumia ujumbe wa msomaji. Mzee wa watu alikuwa na spika hizo hizo nyumbani kwake na alitaka kunishukuru. Ati nina masikio makini. Ati nimeeleza kile hasa anachosikia kila jioni, ila yeye alikosa maneno. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Manake hakuwa mjinga. Alikisikia kweli nilichoandika. Nilikuwa nimemwekea masikioni.

Siri ya kazi ni kwamba huhitaji masikio, unahitaji bei. Spika ya dola 300 "inashangaza kwa pesa yake". Ya dola 3,000 "inafichua mambo ambayo hukuwahi kuyasikia kwenye nyimbo unazozijua". Ya dola 30,000 "inatoweka, unabaki na muziki tu". Nipe namba nikupe uhakiki. Na nikisoma wahakiki wa kweli, wale wanaotumiwa vyombo hadi mlangoni, sioni wakifanya tofauti na mimi. Wamekaa na chombo sebuleni, ndiyo, lakini wamekaa nacho wakijua jina lake na bei yake, na kalamu imefuata njia ile ile.

Na usidhani ni ujanja wa ng'ambo tu. Shuka Luthuli Avenue ukiulizia wufa. Kuna wauzaji watakaokuwashia ile ya bei ya chini kwa upole, halafu ile wanayotaka uende nayo wataiwasha ikiwa imepandishwa sauti kidogo. Sauti ikizidi hata desibeli moja, sikio halikwambii hii imepandishwa. Linakwambia hii ni nzuri zaidi. Huyo muuzaji hakulisomea, amelijua kwa kuuza. Halafu panda hadi duka la vyombo vya wenye nazo huko Westlands: kochi la ngozi, kahawa, mwanamke anaimba jazi polepole, muuzaji anaongea kama yuko matangani. Mchezo ni ule ule, ila huku umewekewa mto.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kulipima jambo hili. Anko wa rafiki yangu, anayeishi Lavington, alikuwa amenunua kebo za kuunganisha amplifaya na spika. Mita 3 kila upande, zimefumwa kama mkia wa nyani. Alinitajia bei. Ingelipa salio langu la karo na chenji ibaki. Sikusema kitu, nilikunywa chai.

"Kijana, sikia tofauti," akasema.

Sikuisikia. Lakini nikajua pia kwamba neno langu halina uzito kuliko lake, kwa sababu mimi nilikuwa na sababu ya kutoisikia. Hasira nayo ina masikio yake. Kwa hivyo nikamwomba ruhusa. Nikaenda hadi hadiwea nikanunua mita 12 za waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule fundi anautumia kuvuta soketi za nyumba, kwa chini ya elfu moja. Hesabu yake ni ya mwaka wa kwanza: mita 6 za waya huo, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa kama sehemu 4 za mia moja za omu. Spika yake ni ya omu 8. Waya unakula chini ya asilimia moja.

Anko akakaa akitazama ukuta. Mimi nikakaa kando yake, bila kuona chochote. Rafiki yangu, nyuma yetu, alirusha sarafu kila raundi, akafunga kebo moja au nyingine, na hata alipokuwa habadilishi alipiga zile kelele za kufungua na kufunga. Wimbo ule ule, sauti haijaguswa. Raundi 10.

Alipatia 6.

"Sita! Nimepita!" Anko alisimama kabisa.

Darasani ungepita. Lakini sarafu yenyewe, ambayo haina hata masikio, itapatia 6 au zaidi kati ya 10 zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu. Ili niamini kwamba unasikia kitu, nipe 9. Hapo bahati tupu hufika kama mara moja tu kwa mia. Nilimwomba tufanye raundi 20 nyingine. Akasema chakula kimeiva.

Anko mmoja si ushahidi, najua. Lakini wenye vifaa na subira walishafanya kazi hii. Mwaka 2007, Meyer na Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society, matokeo ya kuwasikilizisha watu diski za ubora wa juu kabisa dhidi ya sauti ile ile iliyoshushwa hadi kipimo cha CD ya kawaida. Majaribio 554. Waliopatia: 276. Sarafu kavu. Kabla yao, mwaka 1994, Floyd Toole na Sean Olive waliwapa wafanyakazi 40 wa kampuni ya Harman spika za kupima, kwanza wakiziona, halafu nyuma ya pazia. Hawa walikuwa watu wa kiwandani, si mimi na simu yangu. Pazia liliposhuka alama zilibadilika, na pengo kati ya spika za kifahari na ile ndogo ya bei nafuu likapungua.

Kama hiyo haitoshi, kumbuka Julai 2022. Mobile Fidelity, kampuni ya California inayotoa upya santuri za zamani, ilikuwa na jina kubwa kwa watu wanaoapa kwamba wanaitambua sauti ya dijitali hata ikiwa chumba cha pili. Baadhi ya santuri zake ziliuzwa dola 125 moja. Mwenye duka la santuri mjini Phoenix akatangaza alichodokezewa: kwamba kati ya kanda ya studio na santuri kuna hatua ya dijitali. Akaalikwa kwa kampuni, na mafundi wenyewe wakakubali mbele ya kamera. Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka, huku santuri hizo zikipewa sifa za sauti isiyoguswa na kompyuta. Hakuna sikio lililoshtuka. Ilibidi mtu aulize kwa mdomo.

Watakwambia kupimwa gizani kunachosha sikio, kwamba tofauti hujitokeza baada ya wiki kadhaa. Sawa. Chukua wiki, chukua mwezi, ila mtu mwingine afunike chombo na asikwambie ni kipi. Hakuna aliyekataza muda. Kinachokataliwa ni kitambaa.

Na watasema ni wivu. Upo, kidogo, sitakataa. Lakini sina ugomvi na pesa za Anko. Ni zake, hata akinunua waya wa stima wa bei ya ng'ombe wawili. (Anao. Umeme umetoka labda Olkaria, umepanda na kushuka milima kwa nyaya za kawaida, umepita transfoma ya mtaa na waya za fundi wa mjengo, halafu mita moja na nusu za mwisho ndizo zimepewa kazi ya kuusafisha.) Ugomvi wangu ni na sisi tunaoandika. Kuna msee wa miaka 20 aliyeinama kwa simu yake usiku, anasikiliza benga ya babake, anaipenda, halafu anasoma kwamba bado hajausikia muziki. Anachukua mkopo wa simu anunue hedifoni ambazo mtu kama mimi hajawahi kuzivaa. Huyo nimemwibia vitu viwili, na pesa ndicho kidogo.

Sisemi vyombo vyote ni sawa. Spika zinatofautiana, tena sana, hata nyuma ya pazia. Na chumba ndicho mfalme asiyetajwa, kwa sababu hakiuziki kwa katoni. Sebule ya Anko ni vigae, vioo na kuta tupu, na spika zake alizisukuma pembeni kabisa zisimzuie mtu kupita. Pembe ya ukuta huivimbisha besi mpaka ikafunika waimbaji. Baada ya chakula nilimshawishi tuzivute mbele, karibu mita moja, tukatandika zulia la chumba cha wageni, tukafunga mapazia. Tukaweka wimbo ule ule.

Mkewe akaita kutoka jikoni, "Mmenunua nini tena?"

Hakuwa ameona chochote, na hakuna aliyemwambia asikilize. Anko alinitazama. Wiki iliyofuata nilisikia spika zimerudi pembeni, manake wageni walikuwa wanajikwaa. Kebo bado ziko.

Mimi nilirudi Kahawa West nikakuta kazi ya 32 inanisubiri: spika za dola 9,000, Ijumaa. Nikamwandikia mteja nikimuuliza kama anaweza kunipeleka mahali nizisikie, hata nusu saa. Akajibu kwamba hawafanyi hivyo, na maneno sasa yawe 1,000. Niliandika. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba mwandishi hajazisikia spika hizi, na zilizofuata zilieleza jinsi msomaji anavyoweza kuzipima mwenyewe kwa shuka, sarafu na rafiki mwaminifu. Niliituma Alhamisi usiku. Sijalipwa, na kazi ya 33 haijaja.