Saratani ya ngozi: kwa nini damu inapimwa kila mara?

Wasikilizaji wetu wa Bukoba na Muleba mmekuwa mkituuliza: saratani ya ngozi inaonekana kwa macho, sasa kwa nini mgonjwa anatolewa damu kila kabla ya dripu? Wapo wanaoamini damu hiyo inauzwa. Wapo pia waliolipa nauli hadi Bugando, Mwanza, wakaambiwa "rudi wiki ijayo", wasirudi tena. Hapo ndipo maisha yanapopotea.

Tuanze na saratani inayojulikana huku kwetu, Kaposi sakoma. Huleta mabaka au vinundu vyeusi, mara nyingi miguuni, na inaweza kufika hadi mapafuni na tumboni. Huwapata zaidi wanaoishi na VVU, na Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983. Ikisambaa, hutibiwa kwa ARV pamoja na dawa za saratani za kwenye mshipa.

Dawa hizo huua seli za saratani, lakini hupunguza pia chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Kipimo cha picha kamili ya damu huonyesha kama askari wanatosha. Wakiwa wachache, daktari huahirisha dozi, kwa sababu ugonjwa mdogo tu ungeweza kumuua mgonjwa. Kuahirishiwa si kutelekezwa. Damu hiyo, ambayo ni kama kijiko kimoja au viwili vya chai, hupimwa pia figo, ini na wingi wa virusi.

Je, damu inaweza kutuambia kama saratani inapungua? Kwa Kaposi, virusi wasipoonekana maana yake ARV zinafanya kazi, si kwamba saratani imekwisha. Mabaka lazima yakaguliwe. Kwa melanoma, ambayo kwetu sisi weusi mara nyingi huanzia kwenye unyayo au chini ya ukucha, hupimwa kimeng'enya kiitwacho LDH. Kikipanda ni dalili ya hatari, lakini malaria nayo hukipandisha, na Muleba tunaijua malaria. Kwa hiyo hakisomwi peke yake.

Mwaka 2021 watafiti wa New York, Marekani, walionyesha kuwa wagonjwa wa melanoma ambao vinasaba vya uvimbe vilitoweka kwenye damu yao baada ya wiki 4 za tiba waliishi muda mrefu zaidi. Hicho bado ni kipimo cha maabara kubwa.

Kwa leo, fanyeni haya. Ulizeni kama damu inaweza kupimwa karibu, mfano hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, Rubya au Ndolage, kabla ya kulipa nauli ya Mwanza. Tunzeni majibu yote. Pigeni picha za mabaka kwa simu kila mwezi, mumwonyeshe daktari. Na homa ikimpata aliye kwenye dawa, msingoje asubuhi: mpelekeni hospitali.