Mkiifufua Animorphs, ifufueni mpaka mwisho

Bumu lilipoingia muhula uliopita, nilipita kwa muuza vitabu vya mtumba nikamnunulia mdogo wangu wa kidato cha kwanza kitabu chenye picha ya mvulana anayegeuka mjusi. Siku tatu baadaye akanipigia: "Dada, naomba cha pili." Huyu ni mtoto ambaye kitabu cha shule hafungui mpaka atishwe!

Kitabu chenyewe ni cha kwanza katika mfululizo wa Animorphs wa K. A. Applegate, ulioanza kutoka Marekani mwaka 1996 na kumalizika 2001, vitabu 54 bila kuhesabu vile vya pembeni. Watoto watano wanakutana na kiumbe wa sayari nyingine anayekaribia kufa. Anawapa uwezo wa kugeuka mnyama yeyote waliyemgusa, ili wapambane na Yeerk, viumbe mfano wa konokono wasio na gamba, wanaoingia sikioni na kutawala ubongo wa mtu. Jirani yako, mwalimu wako, hata kaka yako anaweza kuwa ameshatekwa, na wewe huna habari.

Mfululizo huu umeshajaribiwa kufufuliwa. Mwaka 2011 mchapishaji alianza kuutoa upya, akibadilisha mambo yaliyoonekana ya kizamani. Vikatoka vitabu 8, basi. Tangu 2020 mchoraji Chris Grine anaugeuza kuwa vitabu vya katuni, na kazi yake ni nzuri. Lakini kwa mwendo wa katuni, mpaka ufike kitabu cha 54 mdogo wangu atakuwa ameshaoa.

Wenzangu, hapo ndipo penye hoja yangu. Mwisho wa hadithi hii ndio uzito wake. Mwanzoni kugeuka simbamarara ni raha tupu. Mwishoni mmoja wao anakufa, na kiongozi wao anabaki na mzigo wa maamuzi aliyoyafanya vitani. Wasomaji wengi walikasirika, na Applegate akawajibu kwa barua akiutetea mwisho huo: vita haviishi kwa raha. Sasa mtoto akipewa vitabu vinane tu, anabaki akiamini kwamba vita ni mchezo. Yaani tumemfundisha kinyume kabisa cha alichokusudia mwandishi.

Najua pingamizi. Vitabu 54 ni vingi, na vingi vya nusu ya pili viliandikwa na waandishi wa kukodi, kwa hiyo ubora unapanda na kushuka. Sawa, sikatai. Basi vifungwe vitatu vitatu katika juzuu moja nene, na vilivyo dhaifu viachwe, ili mradi mwisho ufikiwe.

Na tafadhali, msiihamishie hadithi zama za simu. Siri ya watoto hawa inawezekana kwa sababu ni 1996, hakuna mtu mwenye kamera mfukoni. Leo ukigeuka mwewe uwanjani, jioni uko kwenye magrupu yote. Mdogo wangu hakusumbuliwa na uzamani huo hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu: "Tobias aliyekwama kwenye umbo la mwewe, atarudi kuwa mtu?"

Nikamwambia asome mwenyewe. Ila kwa vitabu vilivyopo madukani leo, nimempa ahadi ambayo sina uhakika wa kuitimiza.