Kasumba ya Marx na Viwanja vya Kawe

Pale Kawe, wilayani Kinondoni, kiwanda cha Tanganyika Packers kilisindika nyama ya makopo. Mashine zilinyamaza zamani. Leo jina hilo linamaanisha viwanja vya maombi, ambako umati hufika kwa daladala kutoka hata Mbagala kutafuta uponyaji, ajira na ndoa.

Mwaka 1844 Karl Marx aliifananisha dini na kasumba. Kwa Mswahili neno hilo lina uzito wa pekee, maana kasumba ni ulevi na pia ni fikra za kikoloni zilizoganda kichwani. Kinachosahaulika ni kwamba enzi hizo kasumba ilikuwa pia dawa ya maumivu, na katika maandishi yaleyale Marx aliisikia ndani ya dini sauti ya mnyonge anayelia. Mgonjwa halaumiwi kwa kutafuta nafuu. Wa kuulizwa ni anayemuuzia.

Ujamaa wa Tanzania haukuikana dini. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa dhati, aliongoza kupitishwa kwa Azimio la Arusha, lililouweka ujamaa kuwa sera ya nchi, mwaka 1967. Mwaka 1970, huko New York, aliwaambia masista wa Maryknoll kwamba Kanisa lisilopinga mifumo inayozalisha umaskini litakosa maana kwa watu.

Gharama ya kutafuta nafuu ilionekana Februari 1, 2020, mjini Moshi: katika mkutano wa maombi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi mafuta ya upako.

Basi, ili dini isikose maana kwa watu, masheikh, mapadri na wachungaji wa Kinondoni na Temeke waikemee mimbarini mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu, inayowafilisi mama lishe. Nao waumini wadai hesabu za sadaka zao.